Kabla Uuze Drili Ununue Taa ya Kushuti: Ukiacha Ufundi Ufuate Talanta, Nani Atalipa Keja?

Mwezi uliopita boy wangu aliuza drili yake. Si ati ilikuwa imekufa. Ilikuwa fiti kabisa, ile ya kutoboa simiti, alinunua na doo za kazi yake ya kwanza ya maana kule Ruai. Akauzia fundi mwingine bei ya kutupa, akaongezea kidogo, akanunua taa ya duara ya kushuti vidio na kamaiki kadogo ka kubandika kwa shati. Usiku akanipigia: "Buda, mimi na stima tumemalizana. Sasa ni kontenti tu."

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, juu ukweli usemwe, huyu msee ni mnoma. Anaweza kuiga keateka wa ploti mpaka keateka mwenyewe akae chini acheke. Tukiwa primo, mwalimu akitoka darasani yeye ndiye alikuwa anaingia kuwa mwalimu. Talanta iko, hiyo si ya kubishana. Lakini pia miaka mitatu ya chuo cha ufundi iko, na karo yake ililipwa na mathe anayeuza nyanya Marikiti.

Na si yeye pekee. Angalia tu mtaani kwenu. Kuna dem alisomea kompyuta na sasa anapaka watu mekapu za harusi. Kuna msee wa kuchomelea mageti ameamua yeye ni MC. Kuna yule wa mabomba ambaye kila jioni ako laivu akiomba watu wamtumie zawadi. Kila mmoja ana ujuzi ambao ulimchukua miaka, na kila mmoja ameuweka chini ashike kitu kingine, juu kile kingine kinaonekana kinang'aa.

Kinachochanganya zaidi ni kuwa serikali yenyewe inakuvuta mikono yote miwili. Mkono mmoja unakuambia wacha kudharau kazi ya mikono, ingia TVET, soma mabomba, kuchomelea, stima, utaomoka. Mkono wa pili, mwaka wa 2023, Ababu Namwamba akiwa waziri wa michezo, ukazindua Talanta Hela. Ujumbe uko kwa jina lenyewe. Baadaye pale upande wa Ngong Road ukaanza kujengwa uwanja wa watu 60,000, nao ukapewa jina la Talanta. Inawezekana mikono yote miwili inasema ukweli. Shida ni kwamba hakuna anayekuonyesha vile mtu anavuka kutoka huku kwenda kule bila kulala njaa katikati.

Na hapo katikati ndipo wengi wetu tunaishi. KNBS walisema mwaka wa 2024 uchumi wa Kenya ulitengeneza kazi mpya 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa za jua kali. Soma hiyo tena polepole. Maana yake ukiskia mtu "ameacha kazi afuate talanta," mara nyingi hakuna kazi ameacha, kwa ile maana ya salo, likizo na NSSF. Ameacha kibarua kimoja akaingia kibarua kingine. Tofauti ni kwamba kile cha kwanza kilikuwa kinajulikana bei. Boy wangu alikuwa anakunja ngiri na nusu kwa siku akiwa kwa mjengo. Siku hakuna mjengo, hakuna kitu. Lakini siku iko, anajua jioni ataenda home na nini.

Sasa hii mada ikiingia kwa kibanda cha chai, lazima mtu ataje wale walitoboa. Poa. Tuwataje, lakini tuwataje na stori yote.

Ferdinand Omanyala alisomea Kemia pale University of Nairobi na alikuwa anacheza raga kabla hajaingia mbio fupi mwaka wa 2015. Kemia, mazee. Leo hakuna anayemuuliza kuhusu asidi. Septemba 2021 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika, na mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Julius Yego naye alijifunza kurusha mkuki akiangalia vidio za YouTube, na 2015 akawa bingwa wa dunia kule Beijing kwa kurusha mita 92.72. Hizi stori mbili zimeuza ndoto nyingi sana hii Nairobi.

Lakini kuna kitu huwa tunaruka tukizisimulia. Yego ni polisi. Omanyala pia aliishia kuingia polisi. Faith Kipyegon, polisi. Beatrice Chebet, jeshi. Rudi nyuma kabisa kwa Kipchoge Keino mwenyewe: alikuwa polisi. Ukiangalia ligi ya mpira utapata Kenya Police na Bandari. Raga utapata KCB. Voliboli ya wadada utapata Kenya Pipeline na Prisons. Hii nchi, bila kupiga kelele, ilitengeneza njia yake ya kulea talanta: inakupatia salo kwanza, halafu inakuambia sasa enda ukimbie. Wale mashujaa tunaotumia kuambia watu "acha kila kitu ufuate ndoto" wengi wao walikuwa na salo inaingia mwisho wa mwezi wakifuata hiyo ndoto.

Sasa niambie, msanii wa Kayole ana nani? Hakuna kikosi cha kuajiri wachekeshaji. Hakuna benki iko na timu ya marapa. Ukiwa na talanta ya ulimi au ya sauti, hiyo salo ya kukushikilia lazima ujitafutie mwenyewe. Na kitu cha pekee ambacho wengi wako nacho cha kuchukua hiyo nafasi ni ule ujuzi wanaotaka kutupa.

Wacha tuangalie doo zenyewe. YouTube hawakulipi matangazo mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za watu kukutazama ndani ya miezi 12, ama vidio zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa TikTok hapa Kenya, wengi wanategemea zawadi za laivu na brendi zikikutafuta. Ukianza kulipwa, Sheria ya Fedha ya 2023 iliwekea kontenti ya mtandaoni ushuru wa asilimia 5, unakatwa juu kwa juu kabla hata hujaona pesa. Muziki nao? Mwaka wa 2019 MCSK waligawa mirabaha, na kwa mgao wa jumla kila msanii akapata Sh2,530. Boy wangu alikuwa anakunja hiyo na siku mbili za kupitisha waya, na inabaki.

Halafu kuna suala la mawimbi. Unakumbuka Gengetone? 2018 Ethic wakaleta "Lamba Lolo," 2019 Sailors wakaja na "Wamlambez," na kwa mwaka mmoja ama miwili hungepanda mathree yoyote bila kuskia vijana wa mtaa wakitoka kwa spika. Ilikuwa kitu safi sana, na sitaki mtu aniambie haikuwa muziki. Lakini 2021 ikifika, makundi mengi yalikuwa yamevunjika. Baadhi ya hao vijana wangali wanaimba. Lakini jiulize, wale wengine, wale walikuwa nyuma ya vidio wakicheza, walirudi wapi? Aliyekuwa na kitu cha kurudia alirudi. Asiyekuwa nacho tunakutana naye stage akiomba finje.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu ndipo watu hukosea hesabu. Swali la "niache ama nisiache" haliwezi kujibiwa sawa kwa kila mtu, kwa sababu kila talanta ina saa yake, na kila ujuzi una kutu yake.

Miguu ya mita 100 haingoji. Omanyala alikuwa na miaka 25 akipiga ile 9.77. Angesema wacha kwanza nifanye kazi ya maabara miaka kumi halafu nirudi kukimbia, saa hii tungekuwa tunamuita daktari wa dawa za kuua kunguni. Mpira pia ni hivyo. Ukiwa na miaka 19 na kuna timu inakutaka, enda, diploma itakungoja. Lakini hata ndani ya riadha saa zinatofautiana: Eliud Kipchoge alivunja rekodi ya marathoni kule Berlin 2022 akiwa na miaka 37. Na ucheshi? Ucheshi unaiva na umri. Msee wa miaka 22 anachekesha na sauti na sura. Yule wa miaka 35 anachekesha na vile ameona. Sauti pia inaweza kungoja. Nyashinski alitoka Kleptomaniax akaenda Marekani, akaendesha malori huko, akakaa miaka mingi bila kutoa kitu, na aliporudi 2016 nchi nzima ikasimama. Lori halikumwibia sauti.

Upande wa ujuzi nao, kutu haifanani. Hapa nitajitolea mfano mwenyewe. Mimi kabla nije kuwaandikia udaku nilisomea mitambo ya kompyuta na mitandao. Nikaacha. Baada ya miaka minne nikajaribu kurudi, nikaitwa mahojiano ofisi fulani, na nawaambia kwa roho safi, maswali waliniuliza sikuelewa hata lugha. Kila kitu kilikuwa kimehama. So sina kiti cha kuhukumu mtu, lakini najua bei ya kuondoka. Programu za kompyuta zinaoza haraka kama nyanya. Kuchomelea kunakaa kwa mkono. Stima iko katikati: waya ni waya, lakini soko linahama. Leo kila ploti mpya mwenyewe anauliza habari ya sola, na kuweka sola ni leseni tofauti na ile ya stima ya kawaida.

Na hiyo neno leseni ndiyo ilinifanya niandike hii stori.

Nilimkalisha boy wangu chini tukala chapo na madondo, nikamuuliza, "Kwani stima ilikukosea nini?" Akasema stima hailipi. Nikamuuliza, hailipi nani? Juu yule kontrakta anayemwita kwa mjengo ameendesha gari tatu tangu tumjue. Hapo akanyamaza kidogo. Ukweli ni kwamba boy wangu hana leseni ya EPRA. Ana cheti cha chuo na ana mikono, lakini nyumba ikimalizwa, ili Kenya Power walete mita, lazima fomu itiwe sahihi na mtu mwenye leseni. Huyo mtu hashiki hata bisibisi. Anakuja na kalamu. Boy wangu anatoboa ukuta wiki mbili, yule wa kalamu anakunja ya maana kwa dakika tano.

Leseni ya kuanzia, ile ya C2, si muujiza. Kuna karatasi za kupeleka, kuna mtihani, kuna ada. Kuna usumbufu pia, siwezi kukudanganya ati ni kama kununua kredo. Lakini hebu angalia: huyu msee alikuwa amefika kwa ngazi ya chini kabisa ya ujuzi wake, akakaa hapo miaka minne, akachoka, akasema ujuzi haulipi. Hakuwahi kupanda ngazi ya pili aone huko kuna nini.

Na wale wa kompyuta wasicheke. Septemba 2019 Andela waliachisha kazi zaidi ya vijana 400 wanaoandika programu, hapa Kenya, Uganda na Nigeria. Sababu waliyotoa ni kwamba wateja walikuwa wanataka waliobobea, si wanaoanza. Hiyo ilikuwa kabla ya ChatGPT hata kuzaliwa. Sasa mashine yenyewe inaandika ile kodi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. So ile ngazi ya chini inakanyagwa kila mahali, kwa mjengo na kwa laptopu. Ukiwa hapo chini, kila talanta nyingine itaonekana tamu. Ni kawaida. Lakini pia kwa kontenti kuna ngazi ya chini, na hiyo ya chini yake haina hata ngiri na nusu ya jioni.

Nisieleweke vibaya. Kuna watu wanafaa kuacha, na waache mapema. Nameless alisomea uchoraji wa majengo pale University of Nairobi, kozi ambayo watu wanailia. Tangu "Megarider" mwaka wa 1999 nani angetaka arudi kuchora vyoo vya orofa? Kama unachukia kazi yako mpaka unafanya makosa, na kwa stima kosa moja ni maisha ya mtu, tafadhali toka. Kama talanta yako tayari inalipa keja miezi sita mfululizo, si wiki moja ya klipu kuvuma, miezi sita, basi wewe umeshavuka na hunihitaji. Na kuna wale waliingizwa kwa kozi na mbuyu kwa nguvu, hiyo ni deni la mbuyu, si lako.

Lakini boy wangu hayuko kwa hayo makundi. Anapenda stima. Najua anapenda, juu ukimpeleka kwa nyumba ya mtu lazima aangalie soketi kabla asalimie wenyewe.

Nikamsukuma zaidi, na hapo ndipo alinipiga na jibu ambalo sikuwa nimejipanga nalo. Aliweka chapo chini akasema: "Unajua si doo, bro. Kwa mjengo hakuna mtu anajua jina langu. Naitwa Stima. 'Stima, kuja hapa. Stima, toboa huku.' Miaka minne. Siku nilipoposti ile vidio ya keateka, watu mia tatu waliandika jina langu."

Sikuwa na la kusema. Tunaandika hapa kila siku kuhusu pesa za mastaa, gari za mastaa, nyumba za mastaa, na tunadhani watoto wa mtaa wanafuata hizo gari. Wengine wanafuata tu kuitwa jina. Hiyo si tamaa, na hesabu zangu zote za YouTube na ushuru haziigusi. Mtu anaweza kukubali kulipwa kidogo. Kukaa miaka minne ukiitwa jina la kile unachorekebisha, hiyo ni kitu ingine.

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia basi shuti hapo hapo kwa mjengo, iga foromani, onyesha watu vile waya hupitishwa, changanya. Akakataa katakata. "Sitaki kuwa yule fundi wa TikTok. Nataka kuwa mchekeshaji, basi." Na nikamuelewa. Tunapenda sana kuambia watu wachanganye vitu viwili kana kwamba ni madondo na wali. Kuna watu wanataka kitu kimoja kizima, na mchanganyiko kwao ni kama kushindwa.

Tulichokubaliana, baada ya kelele nyingi, ni kitu kidogo sana. Siku nne kwa wiki mjengo, siku tatu vichekesho, na atenge kitu kila wiki cha kuendea ile leseni kabla mwaka uishe. Akifikisha miezi sita talanta ikilipa keja peke yake, sitamuongelesha tena kuhusu waya. Amesema ni sawa, lakini alisema akiangalia simu, so sijui.

Kwa sasa shida ni drili. Yule fundi aliyenunua anajua inatafutwa, so anataka ngiri mbili juu ya ile bei alilipa. Boy wangu ameapa hawezi kumpa hiyo raha. Ijumaa ako na kazi ya bedsitter sita kule Utawala, na amekodisha drili ya mtu mwingine, soo tatu kwa siku.